Ngozi Aliyoitazama Kuhani

Sura ya 13 ya kitabu cha Walawi haina wapenzi wengi. Msomaji akipangiwa somo hilo huja kwanza sakristia kuuliza kama hakuna jingine, maana limejaa vipele, mabaka, nywele zilizogeuka rangi na nyama mbichi. Waumini nao hulivumilia tu wakingoja Injili. Juma hili nimelirudia mara kadhaa, na sababu ziko kwenye kalenda: tarehe 4 Februari ni Siku ya Saratani Duniani, tarehe 5 Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Agatha, na tarehe 11 ni Siku ya Wagonjwa Duniani iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Sababu nyingine haiko kwenye kalenda. Nitaifikia.

Mtazameni kwanza kuhani wa Walawi akiwa kazini. Mtu analetwa kwake akiwa na uvimbe, upele au baka. Kuhani hamuulizi ametenda dhambi gani. Hamwambii avumilie, litapita. Anaisogelea ngozi na kuiangalia: rangi yake, kina chake, nywele zilizo juu yake. Asipokuwa na hakika hatoi hukumu kwa kubahatisha. Anahesabu siku saba, anaangalia tena, na jambo likiwa bado halijaeleweka anahesabu saba nyingine. Siku 14, basi. Hakuna anayeambiwa arudi mvua zikishanyesha. Lakini akiona nyama mbichi ndani ya uvimbe hangoji hata siku moja, neno lake analitoa papo hapo. Tena kuna jambo la ajabu katikati ya sura: mtu aliyeenewa na weupe mwili mzima, ambaye kila jirani angemkimbia, kuhani anamtangaza kuwa safi. Lenye kutisha macho si lazima liwe baya, na dogo lisilouma laweza kuwa ndilo lenyewe. Halijulikani mpaka ngozi ionyeshwe.

Najua sura hiyo ina upande mchungu, wa watu kutengwa nje ya kambi. Upande huo Yesu aliumaliza kwa mkono wake, alipomgusa mwenye ukoma katika sura ya kwanza ya Marko. Kinachonishangaza ni alichofanya baada ya kumponya: alimtuma kwa kuhani akakaguliwe. Mtu ameponywa na Bwana mwenyewe, na bado anaelekezwa kwa yule ambaye kazi yake ni kukagua. Wanaotuambia kwamba kwenda hospitali baada ya kuombewa ni upungufu wa imani waisome tena aya hiyo, polepole.

Sasa ile sababu nyingine. Kiangazi kilichopita mama mmoja wa kanisa letu (ameniruhusu niseme, jina lake abaki nalo mwenyewe) alinisubiri baada ya Misa kuomba nimwombee kidonda. Nilipomuuliza kiko wapi, alitazama chini. Shanga zilimjaa shingoni hadi kifuani, uzi juu ya uzi, kama wavaavyo mama zetu wa Kiturkana. Juu ya shanga kulikuwa na shuka, na juu ya shuka kanga, katika jua la saa saba mchana hapa kwetu Ngaremara, Isiolo. Harufu ilitangulia maneno yake. Zilikuwa zimepita mvua mbili tangu aone ngozi ya titi la kushoto imebonyea kidogo, mahali pasipouma. Hakumwambia mumewe. Hakumwambia bintiye. Alipaka mshubiri, kisha akapaka mafuta ya kondoo, kisha akaongeza nguo. Leo yuko kwenye matibabu, na hayo yanatosha kusemwa juu yake.

Nimejiuliza sana aliwezaje kuficha kwa muda wote huo, kwa sababu mama wa Ngaremara hahitaji kufundishwa kuangalia. Alfajiri anaingia bomani, anamdaka mbuzi mguu wa nyuma, na kabla ya kukamua kiganja chake kimekwisha kupita chini ya kiwele. Anajua mara moja upande upi una joto kuliko jana, upi umekaza, chuchu ipi ina ufa, maziwa yapi yametoka na mabonge au uzi wa damu. Akigundua kitu hafichi. Anamwita mzee, jirani anaitwa, kiwele kinaminywa mbele ya watu wote, na kabla ya jua kupanda mtu ametumwa Isiolo kwa dawa ya mifugo. Mama huyo huyo anaweza kumaliza mwaka bila kuliangalia titi lake, na siku akiliona limebadilika analifunika. Mbuzi ni mali ya boma. Je, mama ni mali ya nani hata ugonjwa wake uwe siri yake peke yake?

Mimi si daktari, na naandika haya kama wauguzi wanavyoyafundisha. Ndani ya titi kuna nyuzi zinazoliunganisha na ngozi. Uvimbe wa saratani ukizikamata, nyuzi hizo hufupika na kuivuta ngozi ndani, na juu yake panatokea kishimo au mkunjo. Mtu akisimama mikono chini huenda kisionekane. Akiinua mikono yote miwili kutua mtungi kichwani, kinajitokeza. Ndicho kile cha mama niliyemtaja. Badiliko jingine ni ngozi kuwa nene, ikajaa vitundu vidogo vidogo vya vinyweleo vilivyozama, mpaka madaktari wenyewe huiita ngozi ya ganda la chungwa. Hutokea mishipa midogo ya limfu, ile inayoondoa maji kwenye ngozi, inapozibwa na chembe za saratani.

Iko saratani moja ya titi ambayo mara nyingi haina kivimbe cha kushikwa kwa vidole. Titi zima huvimba katika muda wa wiki chache, huwa zito, huwa na joto, na ngozi hubadilika. Si ya kawaida. Katika saratani za titi 100, ni kati ya moja na tano tu. Lakini ina mbio. Vitabu vingi vinaieleza kwa neno moja: titi linakuwa jekundu. Waandishi wake walikuwa wakitazama ngozi nyeupe. Juu ya ngozi yetu wekundu huo huenda usionekane kabisa. Ngozi huwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, au ya hudhurungi, au hung'aa kwa kukaza. Kwa hiyo mama wa Ngaremara asingoje wekundu ambao hautakuja. Aweke kiganja upande huu, kisha upande wa pili, asikilize joto na uzito, alinganishe rangi. Titi la pili ndilo kipimo chake.

Hapa ndipo wengi hupotelea, na si kwa uzembe. Mama anayenyonyesha akipata titi lenye joto na uvimbe, mara nyingi ni maziwa yaliyoziba au maambukizi, na dawa za antibiotiki humpa nafuu ndani ya siku chache. Ni sawa atibiwe hivyo kwanza. Ila akimaliza dozi na titi liko vile vile, asikubali kurudishwa nyumbani na dozi ya pili na ya tatu bila mtu kuchunguza zaidi. Aseme kwa sauti kwamba dawa amemaliza na hajapona, aombe rufaa ya kwenda kupigwa picha. Na yule asiyenyonyesha, aliyeachisha miaka mingi iliyopita au bibi mwenye wajukuu, titi likimvimba ghafla likawa na joto, asijifariji kwamba ni maziwa. Maziwa yatoke wapi?

Chuchu nayo ina habari zake. Mwaka 1874 daktari wa upasuaji wa Uingereza, James Paget, aliandika kuhusu wanawake waliokuwa na upele wa chuchu usiopona, ambao baadaye walionekana kuwa na saratani ndani ya titi. Upele huo unabeba jina lake hadi leo. Unawasha, unachubuka, unatoa majimaji, unakauka magamba, na kwa yote hayo unafanana sana na pumu ya ngozi. Lakini pumu ya ngozi kwa kawaida hushika pande zote mbili, na huanzia kwenye ule weusi unaoizunguka chuchu. Upele wa Paget huanzia kwenye chuchu yenyewe, upande mmoja, kisha unasambaa kwenda nje. Mafuta ya kupaka kutoka duka la dawa yanaweza kuutuliza, kisha unarudi pale pale. Ukirudi, usinunue kopo la pili. Vivyo hivyo chuchu iliyozama ndani: kama ilikuwa hivyo tangu ujana, hiyo ni sura yako tu, kama imezama mwaka huu, nenda ikaangaliwe. Damu ikitoka kwenye chuchu bila kukamuliwa, au kidonda kikitokea bila kuumia, au tezi ikivimba kwapani, nenda pia.

Nisiwatishe. Mabadiliko mengi ya ngozi ya titi si saratani. Jasho chini ya titi huleta upele na fangasi, shanga huchubua, majipu hutokea, na vivimbe vingi vya wasichana havina ubaya wowote. Kumbukeni yule mtu wa Walawi aliyeenewa na weupe. Tatizo ni kwamba wewe na mimi hatuwezi kutofautisha kwa kutazama nyumbani, na maumivu hayatatusaidia, maana saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi. Nimewasikia kina mama wakisema hakiumi, kwa hiyo si kitu. Ningependa maneno hayo yaondoke kabisa midomoni mwetu. (Wanaume wasijione nje ya habari hii, nao hupata saratani ya titi, ingawa ni mmoja tu hivi katika kila wagonjwa 100.)

Kuhusu muda, kipimo cha kuhani kinafaa. Badiliko dogo la ngozi ambalo hulielewi, upele au muwasho, lihesabie majuma mawili. Likiwa bado lipo, nenda. Lakini kivimbe kipya, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama juzi, damu, kidonda, au titi lililovimba kwa kasi, hayo ni ile nyama mbichi. Usihesabu siku. Nenda juma hili.

Uende wapi? Anza zahanati, hapa hapa karibu. Muuguzi atakuomba uvue nguo ya juu, akuangalie ukiwa umekaa na ukiwa umelala, akupapase matiti yote mawili na makwapa. Ukitaka muuguzi wa kike sema. Ukitaka binti yako au mke mwenzako akae nawe, sema pia. Shanga zitavuliwa, na hilo kwa baadhi ya mama zetu si dogo, lakini zitarudishwa. Akiona haja atakuandikia rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Isiolo. Mbele ya hapo kuna picha za ultrasaundi au mamografia, na kuna kipimo kinachoamua: sindano inachukua kinyama kidogo, kinapelekwa maabara. Pasipo kinyama hicho hakuna anayejua, hata daktari bingwa. Umeenea uvumi kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa, na umewachelewesha watu wengi bure. Anayeichelewesha sindano anaipa saratani nafasi ya kusambaa yenyewe.

Ikithibitishwa, safari ni ndefu, sitaficha. Ni Meru, au ni Nairobi, zaidi ya kilomita 250 kutoka hapa, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ni upasuaji, kemo, mionzi, wakati mwingine vidonge vya miaka. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba kila mwanamke apate jibu la vipimo ndani ya siku 60 tangu siku aliyojitokeza mara ya kwanza. Ni lengo zuri, na serikali zetu tuzidai zilitimize. Ila saa hiyo huanza kuhesabu siku unapojitokeza. Miezi iliyopita chini ya kanga haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kuchelewa huko kuna bei yake. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ya mwaka 2020 yalionyesha Wakenya wapatao 6,800 wakigunduliwa na saratani ya titi mwaka huo, na wapatao 3,100 wakifa kwayo. Duniani kote walikuwa takriban milioni 2.3 waliogunduliwa na 685,000 waliokufa. Pigeni hesabu wenyewe: dunia inapoteza chini ya theluthi, sisi tunakaribia nusu. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti iko kwenye siku ya kufika na kwenye dawa zinazopatikana ukishafika, na katika hayo mawili, moja linaanzia nyumbani kwetu.

Yako mambo mawili ya nyumbani ambayo lazima niyaseme. Huku kaskazini bado watu wanachanjwa chale au kuchomwa kwa chuma cha moto mahali penye uvimbe. Sitawadharau wazee wetu, wala emuron, mganga wetu wa jadi. Wana ujuzi wao na sisi sote tumelelewa nao. Lakini moto juu ya titi hautibu saratani. Unaacha kidonda juu ya kidonda, na daktari anapokuja kutazama hawezi tena kujua ngozi ilikuwaje kabla. Kama mtu amekwisha kuchomwa, aende vile vile, na aseme ukweli wote. Yule mama aliyetokwa na damu miaka 12, katika sura ya tano ya Marko, alimweleza Yesu kila kitu huku akitetemeka, na hakukemewa.

La pili ni fedha. Bima ya afya ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na wengi hapa wamejisajili wakadhani kazi imekwisha. Usajili unatosha kwa huduma za zahanati. Kwa matibabu ya saratani, mchango wa mwaka lazima uwe umelipwa. Kikundi cha kina mama chenye akiba kinaweza kuwalipia wanachama wake mmoja baada ya mwingine, na sioni kazi bora ya akiba kuliko hiyo. Mzee anayesita kuuza mbuzi mmoja leo kwa ajili ya nauli na vipimo ajue kwamba ugonjwa huu ukikomaa huuza zizi zima, na mara nyingi mama haokoki.

Mtakatifu Agatha aliuawa Katania, kisiwani Sisilia, mwaka 251 hivi, katika dhuluma ya Kaisari Desio, na mapokeo yanasema watesi wake walimkata matiti. Ndiyo maana wenye magonjwa ya titi humwomba awaombee. Simulizi za kale zinaongeza kwamba usiku, gerezani, alijiwa na mzee mmoja mwenye dawa, akamwambia asione haya, na mzee huyo alikuwa Mtume Petro. Sijui wasimuliaji walitaka tujifunze nini hasa. Mimi naona tu kwamba walipomfikiria mtakatifu wa kuponya titi, walimfikiria anakuja na dawa mkononi, na neno lake mojawapo lilikuwa juu ya haya. Nchini kwetu Beth Mugo, akiwa Waziri wa Afya ya Umma, aliwaambia Wakenya hadharani kwamba ana saratani ya titi, wakati ambapo watu wenye vyeo walikuwa wakiufia ugonjwa huu kwa siri. Mama waziri aliweza. Kwa hapa kwetu nisingetaka tangazo. Mtu mmoja unayemwamini anatosha. Wako pia wahudumu wa afya wa vijijini, wale tunaowaita CHP, wanaopita nyumba kwa nyumba. Mkikaa peke yenu, kina mama, waulizeni.

Jumapili ijayo baada ya Misa kina mama watabaki kanisani na muuguzi, na sisi wanaume tutatoka nje, mimi nikiwa wa kwanza. Nawaomba wazee na vijana jambo moja. Mama wa nyumbani kwenu akisema anataka kwenda zahanati na hataki kueleza kwa nini, msimhoji mbele ya watu. Mpeni nauli, chungeni mbuzi siku hiyo, na mmoja wenu amsindikize.